Uji Unaokaa Kijikoni

Katika nyumba nyingi za Mungaa kijiko ni mgeni. Wenyeji hula kwa mkono wa kulia, tonge la ugali wa uwele au wa mtama likifinyangwa, likabonyezwa kwa kidole gumba na kuchovywa katika mlenda, wala hapana mtu mzima anayedai kijiko mbele ya chakula hicho, kwa sababu mlenda huvutika kama uzi na kijiko hakijui kuukata uzi huo kama vidole vijuavyo. Hata hivyo, kwa muda wa miezi kadhaa, tangu mtoto atimize miezi sita mpaka ajue kutia mkono katika sahani moja na nduguze, mgeni huyu hukaribishwa nyumbani na kukabidhiwa kazi isiyoweza kufanywa na mwenyeji, nayo ni kumpokea mtoto kutoka kwenye ziwa na kumfikisha kwenye tonge. Sura hii ni habari ya safari hiyo, ambayo wazee wa pwani waliita kumlikiza mtoto, na ambayo katika uwanda wa Singida, kama katika visiwa vya bahari, huendeshwa zaidi kwa desturi kuliko kwa maarifa.

Mungaa imo katika Wilaya ya Ikungi, katika nchi ya Wanyaturu, nchi kavu yenye msimu mmoja tu wa mvua, ambao aghalabu huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma kadiri ya mwezi wa Aprili. Uwele, mtama, mahindi, karanga, viazi vitamu na alizeti ndiyo mazao yake. Ng'ombe, mbuzi na kuku ndio mali yake itembeayo. Mtaalamu wa Kimarekani, Harold Schneider, aliyekaa kwa Wanyaturu katika miaka ya 1959 na 1960 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, aliona jinsi samadi ya zizi inavyorutubisha shamba la nafaka, na jinsi ziada ya nafaka inavyogeuzwa kuwa mifugo. Tutamrejea mtu huyu, kwa kuwa hesabu hiyo ya mali ina sehemu yake katika kinywa cha mtoto. Ninayataja haya mapema ili msomaji asidhani kwamba mtoto wa huku hunyweshwa uji wa maji kwa sababu nchi yake haina kitu.

Na tuanze na hesabu, maana hesabu ya jambo hili ni fupi na haina huruma. Tumbo la mtoto mdogo huchukua takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hushiba kwa mililita 240, yaani kikombe kimoja cha chai. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu mwaka 2001 limeshika rai kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, limekadiria kuwa baada ya hapo mtoto anyonyaye vizuri huhitaji kutoka katika chakula kingine kilokalori 200 kwa siku mpaka mwezi wa nane, 300 tangu mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mmoja, na 550 katika mwaka wa pili. Sasa chukua gramu 12 za unga, uuchemshe kwa maji yatakayojaza kikombe hicho, na utapata uji mwepesi wa kunyweka, mweupe, wenye kupendeza macho, na ndani yake mna kilokalori 42 tu. Ili mtoto wa miezi saba apate riziki yake ya siku kwa uji huo itampasa anywe vikombe vitano, ilhali nafasi ya maziwa ya mama, ambayo ni bora kuliko uji wowote, itakuwa imekwisha kuchukuliwa na maji. Lau unga ungalikuwa mara nne ya huo, kikombe kile kile kingalibeba kilokalori 168, na vikombe viwili vya nusu nusu, asubuhi na jioni, vingalikaribia haja ya siku nzima. Jambo la kushangaza zaidi ni hili: kijiko kimoja kidogo cha mafuta ya alizeti, mafuta ambayo Singida huyauza nchi nzima kando ya barabara katika madumu ya manjano, kina kilokalori zipatazo 40. Kijiko hicho kimoja ni sawasawa na kikombe kizima cha ule uji wa kwanza.

Hapo ndipo hekima ya kijiko inapodhihirika. Kikombe hakibagui, hupokea uji mzito na mwepesi, na kwa kweli hupenda mwepesi, kwa kuwa ndio umiminikao. Kijiko hakiwezi kubeba maji kwa safari ndefu. Ukikiinamisha kidogo na uji ukamwagika kama mvua, kimekwisha kutoa hukumu yake. Ukikiinamisha na uji ukang'ang'ania, ukashuka pole pole kwa donge, basi humo mna chakula. Wauguzi wa kliniki za watoto hufundisha kipimo hicho hicho, na sijui kipimo kingine cha lishe kisichohitaji mizani, kadi wala mtu aliyesoma.

Lakini mama aongezaye maji hafanyi hivyo kwa upumbavu, na ni dhuluma kumwandika hivyo. Kwanza, uji wa nafaka una tabia ya kuganda kadiri unavyopoa, hata ule uliotoka jikoni ukiwa wa wastani huwa kama gundi baada ya nusu saa, na mtoto aliyezoea ziwa hujikunyata mbele ya gundi. Pili, mama anaogopa mtoto asipaliwe. Tatu, na hii naiona kubwa kuliko zote, katika miezi ya palizi mama yuko shambani, na mlishaji ni dada wa miaka minane au bibi mwenye wajukuu watatu, na uji wa kunywa hulishwa kwa dakika tano ilhali uji wa kijiko hudai robo saa na macho ya mtu. Wepesi wa uji, kwa hiyo, ni wepesi wa wasaa. Mpango wa lishe ulioanzishwa Iringa mwaka 1983 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na fedha za Italia, na ambao ulianzia katika vijiji 168, ulilitazama jambo hilo hilo: mtoto alikosa chakula katika nyumba yenye nafaka, kwa kuwa alilishwa mara chache mno kwa siku na mama alikuwa na kazi nyingi mno. Kwa mtoto wa miezi sita mpaka minane milo miwili au mitatu kwa siku yatosha pamoja na ziwa. Tangu miezi tisa ni mitatu au minne, na kitu cha kutafuna katikati. Mwenye kuyasema hayo katika mwezi wa Januari, mbele ya mwanamke mwenye jembe begani, na aseme pia ni nani atakayeshika kijiko.

Juu ya kuganda kwa uji ipo dawa, nayo ni ya kale, na wanawake wapikao pombe ya nafaka huifahamu kwa majina na harufu yake. Ni kimea. Mtama au uwele hulowekwa siku moja, ukachujwa, ukafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, kisha ukaanikwa juani, ukasuguliwa ili mizizi na machipukizi yatoke, nayo yatupwe, maana chipukizi la mtama lina sumu. Hatimaye punje husagwa. Katika kuchipua, punje hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kuikata minyororo mirefu ya wanga iushikao uji. Pika uji mzito, mzito hata mwiko usimame, uutoe motoni, uache upoe kidogo, kwa kuwa moto mkali hukiua kimeng'enya, kisha tia kijiko kimoja kidogo cha unga wa kimea na ukoroge. Katika dakika chache, mbele ya macho yako, gundi huwa rojo laini limezekalo, bila tone la maji kuongezwa, bila punje ya unga kupungua. Urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea kinaweza kuwa na vijidudu, na chakula ki tayari.

Mtafiti wa Kitanzania A. C. Mosha na mwenziwe Ulf Svanberg wa Sweden waliliandika jambo hili mwaka 1983, kisha wakaupeleka uji huo kwa watoto wa kijiji cha Luganga, Iringa, na habari za kijiji hicho zikachapishwa mwaka 1990. Hadi leo watu wa lishe duniani wanakitaja kimea cha Tanzania. Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, mbona basi kimea hakikuenea katika kila jiko. Nadhani sababu ni mbili: kazi ya kukitengeneza huchukua wiki nzima, na jina lake linanuka kilabu cha pombe. Mama mlokole au Muislamu atasita kutia kimea katika uji wa mtoto wake, ingawa hapana kileo ndani yake. Mimi ningependa kuona kimea kikisagwa na vikundi vya akina mama na kuuzwa kwa vipimo vidogo penye mashine za kusaga, kama chumvi.

Ndugu wa kimea ni uji uliochachushwa, ambao kusini mwa nchi huitwa togwa. Uchachu huzuia vijidudu, na utafiti wa Wilbald Lorri na Svanberg, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa watoto walishwao uji mchachu walipatwa na kuhara kwa uchache kuliko wenzao. Kwa nyumba isiyo na namna ya kuhifadhi chakula, ambamo uji wa asubuhi ndio uji wa alasiri, hiyo si faida ndogo.

Uji mzito peke yake, hata hivyo, ni nusu ya habari. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma ambayo hukaribia kwisha kadiri ya miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na fadhila zake zote, hayana chuma cha kutosha kuijaza tena. Uwele una chuma zaidi kuliko mahindi, ila chuma cha nafaka ni kama fedha iliyofungiwa kabatini na ufunguo haupo. Na mtama mwekundu una ukakasi unaokizuia hata hicho kidogo. Kwa hiyo uji unataka wenzi: karanga zilizokaangwa na kutwangwa mpaka zitoe mafuta, na ziwe karanga safi zisizo na ukungu, kwa kuwa ukungu wa karanga una sumu isiyokufa jikoni, maziwa, dagaa waliooshwa, wakakaangwa na kutwangwa wakawa unga, boga, na yai.

Nisimame kidogo kwenye yai, maana Singida ni nchi ya kuku. Basi lolote litokalo huku kwenda Dar es Salaam hubeba matenga yao, na mlaji wa mjini humlipia kuku wa Singida bei ya juu kwa furaha. Lakini yai la kuku huyo kuingia katika kinywa cha mtoto wa mfugaji ni nadra, na hapa ndipo ninapomrejea Schneider na ile ngazi ya mali: nafaka hupanda kuwa mbuzi, mbuzi hupanda kuwa ng'ombe, na kuku, kwa mantiki hiyo hiyo, ni daraja ya chini kabisa ya kupandia. Yai lililoliwa ni kuku asiyeanguliwa. Mama aachaye mayai kumi na mawili chini ya kuku atamiaye anaweka akiba mahali pekee ambapo hakuna mtu atakayemwomba mkopo. Hesabu yake ingekuwa sahihi kabisa lau vifaranga wangeishi. Lakini mdondo, ambao wengine huuita kideri, hupita na kufagia kijiji kizima. Tangu mwaka 2014 mradi wa Australia na Tanzania, ulioongozwa na Robyn Alders wa Chuo Kikuu cha Sydney, ulifanya kazi katika kata za Sanza na Majiri za wilaya jirani ya Manyoni, ukichanja kuku kila miezi minne kwa chanjo iitwayo I-2, ambayo ni tone moja katika jicho la kuku. Ukistaajabu kwamba sura ya kulisha watoto imefika kwenye jicho la kuku, fahamu kwamba akina mama hawataona hasara ya kuvunja yai moja wakiwa na hakika ya yale kumi na moja. Zipo sehemu za Afrika Mashariki ambako husemwa pia kuwa mtoto alaye mayai hukawia kusema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 wataka mtoto apewe nyama, samaki au yai kila siku. Yai na lichemshwe mpaka liive kabisa, lipondwe, likorogwe katika uji. Nusu yake yatosha kwa kuanzia.

Kitu kimoja cha fahari ya Singida, hata hivyo, kisiguse kijiko hicho mpaka mtoto atimize mwaka mmoja, nacho ni asali. Desturi ya kumpaka mtoto asali mdomoni ina watu wake, na wengine huifanya kwa nia ya ibada na baraka, lakini asali yaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtu mzima hukishinda na la mtoto mchanga haliwezi, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia.

Sasa tukitazame kinywa chenyewe. Mtoto wa miezi minne akiwekewa kijiko ulimini, ulimi husukuma nje kila kitu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ameuweka kama bawabu wa koo lisilojua kumeza kingine ila maziwa. Bawabu huyo hulegea kadiri ya miezi sita, katika siku zile zile ambazo shingo husimama imara na mtoto huweza kukaa kwa kuegemezwa, na ndiyo sababu ya kungoja. Hata baada ya hapo, majuma ya kwanza uji mwingi utarudi kidevuni. Mama husema amekataa, kumbe anajifunza. Vijiko viwili au vitatu vyatosha siku za mwanzo. Watu wa pwani walikuwa na vyakula vyao vya kipindi hicho, matabwatabwa na mashendea, wali uliopikwa ukarojeka; huku bara kiazi kitamu kilichochemshwa na kupondwa kwa maziwa hufanya kazi hiyo kwa uzuri usiopungua.

Kosa lililo kubwa zaidi, ambalo nimeliona katika nyumba za wenye mashine za kusagia vyakula kuliko katika nyumba za wenye kinu, ni kukaa katika ulaini huo kupita kiasi. Ufizi wa mtoto wa miezi minane una nguvu ya kuponda kiazi, hata kama hauna jino. Watafiti wa Bristol, Uingereza, Kate Northstone na wenziwe, walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto waliokawia kupewa vyakula vyenye mabonge mpaka baada ya miezi kumi walikuwa wagumu wa kulishwa walipofika miezi kumi na mitano, kuliko wale walioanza mapema. Kutafuna ni lugha: yapo majira ya kujifunza kwa wepesi, na yakipita mwanafunzi huyumba. Kwa hiyo mwezi wa saba uma uponde bila kuchekecha. Mwezi wa nane yaachwe mabonge madogo. Mwezi wa tisa kipande laini cha kiazi au cha boga kitiwe mkononi mwake mwenyewe.

Na khofu ya kupaliwa? Kupaliwa kwa kweli lazima kutenganishwe na kukohoa tu. Mtoto anayekohoa, anayetoa macho na kufanya kelele, anajisafisha koo mwenyewe, na mlishaji na atulie amtazame. Wa kuogopwa ni yule aliye kimya, asiyeweza kulia wala kukohoa. Huyo alazwe kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, apigwe kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Karanga nzima, punje za mahindi ya kuchoma na mbegu za alizeti zisimfikie, na asilishwe akiwa amelala, wala akilia.

Wala asilazimishwe. Zipo nyumba ambamo mtoto hushikwa mikono na kumiminiwa uji kwa kiganja mpaka ameze kwa kukosa pumzi, na wafanyao hivyo wanampenda. Mwaka 1928 daktari Clara Davis wa Marekani alianza kuandika habari za watoto walioachishwa ziwa ambao aliwawekea mbele vyakula mbalimbali, vyote vya asili, visivyokobolewa wala kutiwa sukari. Muuguzi aliketi kando na kijiko mkononi, asiseme neno, asikiinue mpaka mtoto aelekeze mkono au kuinamia chombo alichokitaka. Watoto 15 walilelewa hivyo kwa miezi au miaka, na katika taarifa yake ya mwaka 1939 Davis alisema wote walistawi, ijapokuwa walikula kwa namna ambayo ingemtia mama yeyote wazimu, leo mayai, kesho ndizi tupu. Yeye mwenyewe alikiri kwamba siri ilikuwa katika orodha ya vyakula, ambayo haikuwa na kitu kibaya cha kuchagua. Mkubwa achague cha kuweka. Mdogo achague kiasi. Yule muuguzi na kijiko chake kinachongoja ndiye mwalimu nimpendaye katika habari hii yote, na simwoni kuwa mbali na bibi wa Mungaa aketiye juu ya kigoda kivulini, mjukuu mapajani, akisema, "Haya, baba, ukiwa tayari nipo."

Kwa nchi nzima, watoto wadumavu walio chini ya miaka mitano walikuwa 34 katika kila 100 kwa uchunguzi wa mwaka 2015/16, na 30 kwa ule wa mwaka 2022. Udumavu huo hauonekani nyumbani, kwa kuwa mtoto mdumavu hucheza na kucheka kama wengine, isipokuwa ni mfupi. Huonekana kwenye kadi ya kliniki, mstari ukilala kati ya mwezi wa sita na wa ishirini na nne, yaani kuanzia muda ule ule wa kijiko.

Kadiri ya mwaka mmoja, au kabla yake kidogo, siku moja mtoto hukikataa kijiko kwa namna mpya. Hageuzi uso, ila hukinyang'anya, hukitazama, hukigonga chini, kisha huutia mkono wake mzima katika sahani ya nduguze. Bibi hufinya ugali kidogo, huulainisha kwa maziwa au kwa mlenda, hufanya tonge dogo kama punje ya karanga na kuliweka katika kiganja kile kilichochafuka. Nusu hufika kinywani, nusu hufika kwenye sikio, na kuku huifuata iliyoanguka. Jioni kijiko huoshwa kwa majivu na kuchomekwa tena kwenye fito za paa.